Udongo wa Kichuguu

Mwaka soko huria lilipotufikia Mwamanyili, pamba ilipata wanunuzi wapya na shamba langu likapata mafuta. Lori la tajiri mmoja mwenye kinu cha pamba lilipinduka humo na mapipa ya mafuta machafu ya injini za magari, aliyokuwa akiwashia mitambo yake kwa kuwa ni ya bei rahisi. Tajiri alikuja kumpa pole dereva. Mimi alinisalimia tu.

Mwaka uliofuata akaja Bwana Novatus, mtaalamu wa udongo kutoka Shinyanga. Alichimba vishimo, akajaza vifuko, akaniambia mafuta ya namna ile huacha madini ya risasi ardhini, nayo ni sumu.

"Mzee Luhaga, usile chochote kitakachoota hapa."

Mimi ni mtu wa kusikia. Sikupanda hata mche wa nyanya. Ng'ombe niliwahamishia kwa shemeji yangu Ngeleja, nikavumilia masimango yake msimu mzima. Majirani waliofuata mchicha humo niliwatoa kwa fimbo, na sijutii.

Wakati huo mke wangu Anna alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii tuliichunga kama yai. Ilimletea hamu ya udongo, kama ilivyo kawaida ya wajawazito, naye alitaka wa kichuguu tu. Kila asubuhi nilimchimbia kwenye kichuguu cha katikati ya shamba, nikaukausha mwenyewe kikaangoni. Ulikuwa mwekundu, safi, hauna hata harufu ya mafuta.

Novatus akarudi na majibu. Tulimpa kiti. Alilisifu shamba kwa kuwa tupu, akasema angepata wakulima kumi kama mimi, kazi yake ingekuwa nyepesi. Nilifurahi, sifichi.

"Na kile kichuguu nilikipima," akasema. "Mafuta yalizama, na mchwa wanapandisha udongo wa chini. Kina risasi nyingi kuliko shamba lote. Bahati nzuri hakuna kinachoota juu yake."

Anna akaacha kutafuna.

"Hukusema tusile udongo," nikamwambia.

Novatus ana watoto wanne, anajua wajawazito wanakula nini. Alisahau tu, akiwa kazini. Aliitazama fomu yake, iliyokuwa na nafasi ya mahindi, ya mchicha na ya maziwa.

Anna alifungua pindo la khanga, akatoa kipande kilichobaki, akakiweka juu ya fomu.

"Na huu nilioshakula?"

Hakumuuliza mtaalamu. Alikuwa ananitazama mimi.