Chumba cha Nne cha Zambarau

Asubuhi, jua linapopenya dirisha la nyuma la duka la rangi, vumbi huamka kabla ya watu. Ni vumbi la unga wa rangi: jekundu, la njano, la buluu, na lile la zambarau ambalo huchelewa kutua, kama mgeni anayesitasita mlangoni.

Ndani ya vumbi hilo baba alisimama miaka thelathini, akikoroga. Mzee Rangi, ndivyo walivyomwita. Mikono yake haikuwahi kutakata, hata siku aliyooa.

Hakusoma sana, lakini alikuwa na njia yake. Majina ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mifuniko aliyageuza kuwa mizunguko ya mti wa kukorogea, mzunguko mmoja kwa kila kipande cha jina. Orange, mara tatu: o-re-nji. Violet, ile zambarau, mara nne: va-yo-le-ti. Akimaliza hugonga ukingo wa ndoo, kisha hungoja povu lilale. Koroga, gonga, ngoja.

Binti yake alijifunza hivyo hivyo, alipoacha shule darasa la tano, akisimama juu ya ndoo iliyofunikwa ili aifikie meza. Alikuwa na haya, msichana yule, haya ya kumeza maneno kabla hayajafika ulimini. Wenzake dukani walimwita Kimya, naye aliitika kwa kutabasamu.

Kisha kiharusi kikaja, kikamchukua baba mkono wa kulia, kikamchukua na maneno yote.

Chumba cha mazoezi cha hospitali kina dirisha moja na viti vitatu. Mikono ya baba ililala juu ya shuka, safi. Usafi ule ndio uliomtisha Kimya kuliko kitu chochote.

"Maneno aliyoyasema kila siku ndiyo hutangulia kurudi," alisema dada wa mazoezi ya kusema, mwenye sauti ya uchangamfu. "Kazini alikuwa akisema nini?"

Kimya akaleta mifuniko. Dada akaisoma, akaanza kumgonga baba kiganjani, silabi kwa silabi. Ndivyo alivyoviita vile vipande. Alipofika kwenye violet akagonga mara mbili.

"Wengine husema tatu," akacheka. "Kiingereza hiki hakina mwenyewe. Sisi tushike mbili, nyepesi kwa mgonjwa."

Baba akaugeuzia ukuta uso.

Wiki ya kwanza, ukutani. Wiki ya pili, ukutani. Wiki ya tatu dada akamshika Kimya bega. "Ijumaa ndiyo mwisho wetu, mdogo wangu. Akiwa bado hajatoa hata sauti, kiti hiki itabidi nimpe mwingine. Foleni ni ndefu."

Kimya akaenda kumuuliza jirani yao, mwalimu mstaafu, violet ina vipande vingapi. "Tatu!" mwalimu akasema, bila hata kuinua macho kwenye gazeti lake. "Hata hilo hukufundishwa?"

Basi ikawa hivyo: mbili za mtaalamu, tatu za mwalimu. Na zile nne? Zile nne zilikuwa za wasiojua. Nani angezibeba mbele ya waliosoma? Alizificha, kama mtu afichavyo kiatu kilichotoboka chini ya meza.

Lakini akikoroga, akikoroga peke yake katika mwanga ule wa vumbi, aliwaza: labda neno ni nyumba. Apitaye mbio huona vyumba viwili. Atulizaye macho huona vitatu. Aliyeishi humo ndiye anayekijua cha nne, kile cha nyuma, cha kuwekea mafagio. Na kama baba yumo humo, amekaa gizani, anasikiliza watu wakigonga milango ambayo siyo?

Koroga. Gonga. Ngoja.

Ijumaa aliondoka dukani na aproni yake kiunoni, mti mkononi, na mkebe mtupu kwapani.

"Kimya, waenda wapi na vyombo?" wenzake wakamchokoza. "Bubu kaenda kumsemesha bubu!" Lakini aliyecheka zaidi ndiye aliyemfungulia mlango.

Chumbani aliuweka mkebe mbele ya baba. "Dada," akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Leo naomba nigonge mimi. Ni mara nne."

"Nne? Hicho Kiingereza cha wapi?"

"Cha dukani, dada."

Akaweka mti katika mkono wa kushoto wa baba, akaufunika kwa mkono wake. Mkebe ulikuwa mtupu, lakini walikoroga kana kwamba umejaa. Va, taratibu. Yo. Le.

Kisha akausimamisha mti. Akangoja, kama alivyofundishwa kungojea povu.

Nje mtu alifagia, akapita. Midomo ya baba ikatikisika. Akautazama mkono wa binti yake, akakunja uso, jinsi alivyozoea kumkunjia uso yeyote aliyeacha kazi katikati.

"Ti," akasema baba.

Akagonga ukingo wa mkebe. "Ti!" akarudia, kwa ukali wa fundi.

Dada akafuta mbili kwenye karatasi yake, akaandika nne. Kimya hakuona. Alikuwa akitazama aproni yake, iliyotikisika kwa kicheko au kwa kilio, na vumbi lililotoka mikunjoni mwake likapanda katika mwanga wa dirisha. Lilikuwa lile la zambarau. Lilielea kidogo, halikusita, likashuka, likatua juu ya kucha za baba.

Mikono yake haikuwa safi tena.