Neno Lililotolewa Kwenye Mpaka

Nafasi ilikuwa moja tu. Ufadhili wa miaka minne wa masomo ya uzamivu, kutafiti siasa za uhifadhi wa misitu, na tuliobaki kwenye mchujo wa mwisho tulikuwa sita. Kila mmoja alitakiwa aje kwenye usaili na jambo alilolikuta mwenyewe uwandani, si alilolisoma vitabuni. Mwaka unaofuata ningekuwa nimevuka umri uliowekwa. Kwa hiyo ilikuwa sasa au basi.

Kaka yangu, ambaye ni seremala na ndiye ninayeishi kwake, alikuwa na maoni yake.

"Udaktari wa msitu," alisema huku akipuliza vumbi la randa. "Sasa mti ukiumwa utauchoma sindano wapi?"

"Nitaanza kwa kuwashika mnaoukata."

"Mimi sikati, dada. Mimi huletewa maiti tu."

Nilikwenda kwenye makazi yaliyo kandokando ya msitu na dodoso langu. Swali la saba nililipenda kuliko yote, nililiandika mara nne hadi likakaa: *Kwa maoni yako, nani amehifadhi msitu huu?* Nilitarajia watu waseme serikali, au wenyeji, au hakuna. Niliwauliza watu ishirini. Kumi na mmoja walijibu, "Mama Taipu."

Nilidhani wananitania. Kila mahali hapakosi mtu wa kutaniwa. Pembeni mwa majibu yale kumi na moja niliandika kwa herufi safi kabisa: *jibu batili*.

Mwalimu wangu wa chuo, mwanamke asiyesoma hata risiti bila kalamu nyekundu mkononi, aliyaona.

"Umewafuta watu kumi na mmoja?"

"Hawakulielewa swali, Mwalimu."

"Au wewe hukulielewa jibu. Usaili ni lini?"

"Baada ya siku kumi."

"Sasa hapa kwangu unafanya nini? Nenda kwa huyo mama."

Mama Taipu aliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya zahanati. Alikuwa amekwisha vuka miaka sabini, miwani yake imefungwa kwa uzi, kucha zimekatwa fupi kama za muuguzi. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya misitu kwa miaka ishirini na sita.

"Shikamoo, Mama. Watu wanasema wewe ndiye uliyehifadhi msitu."

"Marahaba. Ndiyo, nimeuhifadhi."

"Uliuhifadhi vipi, Mama? Ulikuwa na walinzi?"

Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Walinzi! Mwanangu, nimeuhifadhi kichwani. Kwa moyo. Wewe ulidhani nina bunduki?"

Nikajiona mjinga wa kutupwa. Mimi niliuliza nani ameulinda, wao wakanijibu nani anaujua kwa moyo. Neno ni lilelile, nimelitamka tangu utotoni, na shahada zangu mbili hazikuninong'oneza kitu.

"Kaa," alisema. Kisha akafumba macho na kuanza.

"Kuanzia kigingi namba moja, kilicho hatua arobaini mashariki ya daraja la mawe, mpaka unakwenda kaskazini kwa kufuata ukingo wa mteremko, hadi kigingi namba mbili, kilicho kwenye mwamba wenye ufa, kutoka hapo..."

Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kinagonga meza. Si kila wakati. Kwenye maneno fulani tu, tena mara mbilimbili. Alikwenda hivyo bila kukwama, bila kupandisha wala kushusha sauti, akitamka hata "mkato" na "nukta" palipostahili. Vigingi hamsini na vitatu. Nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika hata herufi. Kile chumba chenye kitanda, jiko la mafuta na kalenda ya mwaka uliopita kilikuwa kinapitiwa na msitu mzima, mwamba baada ya mwamba, kilima baada ya kilima, na mimi nilijibana kwenye kiti kama mtu anayeupisha njia. Nimewahi kuingia maktaba kubwa na kutetemeka kwa heshima, haikuwa hivi.

"Hicho kidole, Mama?" niliuliza alipomaliza.

"Mashine yangu, K ilikuwa inagoma. Sasa niambie, utapiga Kiswahili cha mpaka bila K? Kigingi, kilima, kijito, kaskazini, kusini! Kila K niliigonga mara mbili. Na tangazo hili la mpaka nililipiga mara thelathini na nane, la kila ofisi na kila shule. Kidole kikishateseka hivyo, kichwa hakisahau."

Kisha akaniambia lililomkaa kooni. Kati ya kigingi cha kumi na moja na cha kumi na mbili, mpaka ulikwenda "kwa kufuata kijito kikavu". Baada ya miaka miwili matangazo yote yalibanduliwa, yakabandikwa mengine yaliyotolewa nakala kutoka kwenye karatasi ya faili. Hayo yalisema "kwa kufuata kijito". Basi. Kijito chenye maji kiko mbali kule chini, na katikati kuna mashamba na shule.

"Watu walilala nje ya msitu, wakaamka ndani yake," alisema. "Walipolalamika, wakaambiwa neno 'kikavu' halikuwepo tangu mwanzo, niliongeza mimi. Eti mpiga taipu kajitungia msitu wake."

Nilitoa simu ili nimrekodi. Aliifunika kwa kiganja.

"Neno langu lilipotea likiwa kwenye karatasi yenye muhuri. Humo kwenye simu litamaliza hata wiki? Ukilitaka, lihifadhi."

Nilikuwa na siku tisa. Nilikwenda kwake kila asubuhi, na jioni nilimsomea kaka karakanani.

"Kigingi namba nne umekiruka," alinikatiza siku ya tatu, bila kuinua macho kwenye randa. "Msitu wote umeutumbukiza mtoni."

"Wewe umejuaje?"

"Nitaachaje kujua? Juzi nimempimia mteja mlango, nikamwambia hatua arobaini mashariki."

Siku ya usaili nilikuwa nimefika kigingi cha kumi na tisa.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye sauti ya chini; mhadhiri wa siasa; na afisa wa idara ya misitu, mwenye tai ya kijani. Nilieleza nilichokikuta. Afisa alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza ushahidi wangu uko wapi.

"Uko kichwani mwa mama mmoja, Bwana Afisa. Na kidogo kichwani mwangu."

Mhadhiri alicheka. Afisa hakucheka. "Huyo mama nimesikia habari zake. Kila ofisi ina hadithi zake." Alifungua kompyuta yake, akatafuta, akaigeuza kidogo. "Hii ni picha ya karatasi ya faili, ileile. Haya, sema. Nitakufuata kwa kidole."

Nilifumba macho. Kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha saba. Cha tisa. Nilipofumbua jicho moja niliona kidole chake kinatembea kwenye kioo polepole, na uso wake umeanza kubadilika, kwa sababu hata mikato ilikuwa inaangukia pale pale.

"...hadi kigingi namba kumi na moja. Kutoka hapo, kwa kufuata kijito kikavu, hadi..."

"Hapo," alisema. "Hapo umeongeza neno."

"Sikuongeza, Bwana Afisa."

Aliinamia kioo. Akakuza picha, akaikuza tena. Nilisikia kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.

"Hapa pana nafasi," alisema.

Naapa, kwa sekunde moja nilidhani anasema nimeupata ufadhili. Lakini alikuwa anawageuzia wenzake kompyuta. Baada ya "kijito", kabla ya mkato, palikuwa na uwazi mweupe. Mhadhiri wa siasa alichomoa kalamu na kuanza kuhesabu kwa ncha yake herufi za mstari wa juu, maana herufi za taipu zote zina upana mmoja.

"Pengo la neno, moja. K, i, k, a, v, u. Saba," alisema. "Nafasi ya saba kamili."

"Mtu anayeruka neno haachi uwazi," alisema mwenyekiti taratibu. "Huu umefutwa."

Afisa alivua miwani. "Karatasi hii nimeisoma miaka tisa," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Mwenyekiti alinitazama. "Endelea."

"Najua hadi kumi na tisa tu, Mwenyekiti."

"Basi hadi kumi na tisa."

Nikaendelea. Hakuna aliyeandika. Nilipofika mwisho wangu aliniuliza utafiti wangu unataka kujua nini hasa.

"Nani alilifuta neno hilo," nilisema, "na kwa nini wote waliolijua walihesabiwa kuwa hawajui. Mimi mwenyewe niliwaandikia 'jibu batili'."

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Nilimpelekea Mama Taipu asubuhi hiyohiyo, pamoja na ukurasa ule wa faili, ambao afisa alikuwa ameuchapa na kunikabidhi siku ya usaili.

"Watakusomesha miaka minne kwa ajili ya neno moja?"

"Ndiyo, Mama. Nimepata."

"Hongera, mwanangu." Aliisogeza karatasi karibu na macho, akaikagua kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Kisha akasonya.

"Huyu aliyefuta hakujua kazi. Mimi ningeupiga mstari wote upya, msingeona kitu."

Akanyoosha miwani yake, akausoma mstari ule kwa sauti, na neno lake ndani.