Pilau Iliyorudi Jikoni

Sufuria ya pilau ilirudi jikoni kama ilivyotoka, imejaa, mvuke bado unafuka. Niliibeba mwenyewe mbele ya watu waliokuwa wakifuta majembe yao kwa nyasi. Hakuna aliyeonja hata punje.

"Sisi nashiba, Mama Taban," walisema mmoja mmoja, watu waliolima tangu alfajiri bila hata chai.

Nilikuwa mtu mzima, na nilidhani aibu naijua. Siku ile ndipo nilipofundishwa.

Mwaka huo, 1988, tulikuwa tumehamia Koboko kutoka Arua. Mume wangu Yakani alikuwa sajini wa stoo jeshini hadi vita vya 1979, kisha mkimbizi Zaire, kisha fundi cherehani mjini Arua. Ndugu zake walipompa kipande cha shamba la baba yao, alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Si kwamba tulitaka utajiri. Cherehani ilitulisha, shamba lilikuwa la kumfurahisha moyo, ufuta kidogo, kuku, mipapai ya kuegemea uzeeni. Mtaani Onduparaka, kule Arua, tuliacha chumba cha kupanga na majirani walioapa kwamba mvua zikiisha tutakuwa tumerudi. Sikuwa tayari kurudi kuchekwa.

Yakani alipiga mistari kwa kamba. Akachora vibao: UFUTA, KUKU, MIPAPAI, kana kwamba kuku wasiposoma watapotea njia. Kisha tukaita majirani waje kulima.

Kule watu hulimiana, leo kwangu, kesho kwako. Mwenye shamba huongoza mstari kwa jembe lake mwenyewe, na kazi ikiisha hula nao sinia moja. Yakani alizaliwa pale lakini alikulia kambi za jeshi, na mimi ni mtu wa mjini. Yeye alivaa filimbi shingoni, akakaa kwenye kiti kivulini. Mimi, kwa amri yake, nilipanga sahani moja moja, kila mtu na kipimo chake, kama kantini.

Paska, mama mzee jirani yetu, aliinua uso mara moja tu.

"Yakani, jembe yako iko wapi?"

"Mimi nasimamia, Mama. Kazi bila musimamizi inaharibika."

"Sawa, Afande."

Tangu hapo hakuna aliyemwita jina jingine. Walimaliza shamba lote, mistari imenyooka kuliko kamba zake, wakakataa chakula, wakaenda zao.

Ufuta ukaota, na magugu nayo hayakusubiri kualikwa. Tulipalilia wawili, cherehani imefunikwa shuka, na bado yalitushinda. Nikazunguka kuomba watu. Kila nyumba ilinipokea vizuri, ikanipa kigoda na maji, na kila nyumba ilikuwa na kazi nyingine siku hiyo. Heri wangenitukana. Nilirudi kwa njia ya nyuma nisikutane na mtu.

"Turudi Arua," nilimwambia Yakani.

Alikuwa akitazama vibao vyake, nyasi zimevimeza hadi shingoni.

Asubuhi moja tukasikia majembe kwa Lino, mwana wa Paska. Hatukuwa tumeitwa. Yakani alivua filimbi, akaitundika kwenye msumari, akachukua jembe. Nilimfuata kwa mbali, nikiomba asifukuzwe mbele ya macho yangu.

Akasimama mwisho wa mstari. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha. Alipalilia vibaya, anang'oa karanga pamoja na magugu, na mwanamke aliyekuwa kando yake mstarini akawa anazirudisha ardhini kimyakimya. Nilitamani wamcheke tu, yaishe. Nikaona nami nimesimama natazama, na kusimama kutazama ndiko kulikotuponza. Nikaingia mstarini.

Mchana chakula kikaja: ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta. Wanaume walizunguka sinia lao, sisi wanawake letu. Yakani alibaki wima, viganja vimechubuka, hajui aende nyumbani au abaki. Lino akasogeza goti, pakawa na nafasi.

"Baba Taban, kaa. Chakula inapoa."

Akakaa. Alipofinyanga tonge, moto wake ulimkunja uso, lakini hakuliachia.

Paska, aliyekuwa ubavuni mwangu, alimeza kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti iliyowafikia wanaume:

"Mama Taban, ile pilau ya siku ile, iko na nyama gani?"

"Ya mbuzi, Mama."

"Unaona?" akamgeukia Lino. "Mimi nasema mbuzi, wewe nasema kuku. Harufu yake ilifuata sisi mpaka nyumbani."

"Na njaa ile!" Lino akasema.

Watu wakashika mbavu. Yakani naye alicheka, kichwa ameinamisha. Mimi sikuweza. Niliwaona upya wakishika njia siku ile, majembe begani, wanameza mate, na sisi tumebaki na sufuria.

Paska akasukumia upande wangu majani yenye ufuta mwingi.

"Kula," akasema. "Kesho sisi iko kwako."

Nikala bila kuinua macho.