Jembe la Mwalimu Tharsisi

Mwalimu Tharsisi alisomea hesabu kwa sababu moja tu: kulikimbia jembe. Kwao Kibondo baba yake alikuwa akimwamsha kulima kabla jogoo hajawika, na kijana akaapa kushika chaki mpaka kaburini. Sasa anafundisha kidato cha sita Kasulu, viganja vyake laini kama mkate wa maziwa.

Alhamisi alichora ubaoni grafu mbili, zote zimekatika pale kwenye namba mbili.

"Ya kwanza, ukitokea kushoto inakupeleka tatu, ukitokea kulia inakupeleka moja. Pande hazikubaliani, kwa hiyo limiti, yaani ile namba moja inayokaribiwa hata kama haifikiwi, hakuna. Ya pili nayo imekatika kwa namna yake, limiti hakuna. Je, tukizijumlisha?" Hakusubiri jibu. "Hakuna. Mlevi akimshika mlevi mkono, hawafiki nyumbani. Atakayeniletea limiti hapa, Jumamosi nakwenda kumlimia mama yake shamba."

Ange, binti kutoka kijiji cha Makere, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, inategemea. Kama mmoja anaangukia kushoto na mwenzake kulia, wakishikana wanasimama."

Darasa likaangua kicheko. Ange akaenda ubaoni.

"Tukitokea kushoto, ya kwanza inakwenda tatu, ya pili inakwenda moja. Jumla nne. Tukitokea kulia, ya kwanza moja, ya pili tatu. Nne tena. Limiti ni nne, mwalimu."

Tharsisi akaikagua grafu kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna kosa. Dasta ilikuwa mkononi, kengele ilikaribia kulia. Kufuta mara moja tu, na Jumamosi yake ingepona. Lakini naye aliwahi kuchapwa na mwalimu aliyekosea mwenyewe, na makalio yake hayajasahau mpaka leo.

"Ni nne," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Shamba la mama yako ni kubwa?"

"Si kubwa, mwalimu. Ukipanda kichuguu unaliona lote."

Jumamosi, huko Makere, Esteri, mama yake Ange, alimpokea kwa jembe jipya.

"Mwakeye, mwalimu," akamwamkia kwa Kiha. "Wewe shika kushoto, mimi kulia, tukutane kichuguuni."

Kufika saa nne, viganja vilikuwa vimetoa malengelenge. Esteri alilima huku akiimba pambio, wala hatokwi na jasho. Tharsisi akakikaribia kichuguu akiwa nusu maiti, akainua jembe.

"Hapo acha," akasema Esteri. "Kuna nyoka. Sisi huwa tunakaribia tu, hatufiki."

Miaka kumi na moja ya kufundisha limiti, na Tharsisi hakuwahi kuipenda kama dakika ile. Akashusha jembe, akajifuta uso.

"Basi mama, tumemaliza."

"Shamba la maharage tumemaliza," Esteri akamwambia kwa upole. "La muhogo liko nyuma ya nyumba. Ange ameniambia hesabu zako ni za kujumlisha."