Gitaa la Bei Chee

Baba yangu ana kichwa kigumu. Nasema hivyo mchana kweupe, na hata nikisema nikiwa nyuma yake haidhuru, maana hasikii.

Sikio la kushoto lilikufa zamani. La kulia linashika vishindo tu: mlango ukibamizwa, lori likipiga honi karibu. Ndiyo malipo ya kusimama mbele ya spika za bendi tangu ujana wake. Nyumbani tulikuwa tunajua mimi na mama. Bendi ilikuwa haijui. Baba anasoma midomo ya watu kama wengine wanavyosoma magazeti, na asipoambulia kitu anacheka, basi watu wanasema mzee mcheshi huyu. Jukwaani akipiga gitaa la umeme alikuwa anaweka mguu mmoja juu ya boksi la spika, mtetemo unampanda mpaka kifuani, na anajua wimbo umefika wapi. Mashabiki walidhani ni mbwembwe. Wapo waliomwiga.

Halafu ikaja ile kazi ya hoteli. Kiongozi wa bendi, ambaye wote tunamwita Kapteni, alikuja mpaka nyumbani kutuambia, amefurahi kama aliyeokota dhahabu. Hoteli inataka bendi ipige ukumbi wa chakula kila Ijumaa, kwa mkataba. Ila wageni wanataka kula kwa utulivu. Hakuna spika, hakuna umeme. Ngoma ndogo, sauti, na gitaa kavu.

"Kaka, nitakuazima langu," Kapteni akasema. Lake ni la maana, la mbao nzima, aliletewa kutoka nje.

"Mimi niazime gitaa?" baba akamaka. "Kwani nimeazima mikono? Nitanunua langu, na litalifunika hilo lako."

Kapteni alipoondoka, mama aliketi kwenye kiti cha jikoni akanitazama. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, baba akiwa palepale anachonga njiti ya kiberiti kuchokoa meno, "Akitolewa kwenye bendi atakaa humu ndani atazame ukuta mpaka afe. Namjua. Nenda naye dukani."

Nikaenda. Mimi kazi yangu ni kusuka nywele saluni, lakini gitaa nalijua, kanifundisha mwenyewe kabla masikio hayajamsaliti. Kumkazia nyuzi ni kazi yangu. Watu wa bendi wakiniona nalikaza gitaa lake kabla ya mazoezi husema, ona binti anavyomheshimu babake. Heshima gani? Angelikaza mwenyewe, mngekimbia.

Dukani magitaa yalikuwa yamepangwa kwa bei. Ya juu kabisa yalitundikwa ukutani chini ya taa, ya katikati yalisimama kwenye vishikio, na yale ya bei chee yaliegemezwa sakafuni karibu na mlango, yamejaa vumbi la barabarani. Mwenye duka, bwana mmoja mnene mwenye miwani kifuani, alimtazama baba viatu kwanza, kisha akamteremshia la ukutani kwa shingo upande.

Nililikaza. Nilipogusa uzi mmoja tu, duka zima lilijaa sauti. Nywele zilinisimama, sitanii. Baba akalichukua, akakaa, akaegemeza taya lake kwenye ukingo wa tumbo la gitaa, pale juu karibu na bega. Ndivyo anavyosikiliza siku hizi: sauti inapita kwenye mfupa. Akapiga. Akakunja uso. Akapiga kwa nguvu zaidi.

"Limekufa hili," akasema.

Mwenye duka nusura ameze miwani yake. "Mzee, hilo limekufa?"

"Limekufa. Leta jingine."

Tukashuka ngazi hiyo ya bei, gitaa baada ya gitaa, na kila moja baba analiona maiti. Mwishowe akanyoosha kidole kule mlangoni, kwenye moja la rangi ya chai, la plaiwudi nene, zito kama mlango wa kabati. Lilikuwa la watoto wa shule hilo. Nikalikaza, na sauti yake, jamani! Ungesema mtu anagonga sanduku kutoka ndani.

Baba akaliegemeza kwenye taya. Akapiga mara moja tu, akafumbua macho.

Sijui nisemeje. Uso ule nilikuwa nimeusahau. Ulikuwa uso wa baba yangu wa zamani, akirudi alfajiri kutoka kwenye dansi, amechoka lakini anaimba ngazini. Akapiga wimbo mzima bila kukosea hata kidogo. "Linaimba," akasema. "Linaimba mpaka kwenye meno."

Hapo ndipo nilipoelewa. Gitaa zuri linatoa sauti nje, linaigawa kwa watu. Lile lilikuwa bahili: sauti yote limeikumbatia ndani ya ubao, na taya la baba limelala hapohapo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakula.

Nikamshika bega anitazame. "Baba, halisikiki. Nje hakuna kitu. Ukiwa hatua mbili tu hupati chochote."

"Masikio yenu yameharibiwa na simu."

"Baba, nakuapia, hili ni kabati."

"Wewe ulizaliwa nikiwa tayari napiga!" akaja juu, mate yanamruka. "Nani alikufundisha? Nani? Magitaa yote haya nimeyapima, na hili la sakafuni linayashinda. Watu wanalipia taa za ukutani tu!"

"Mzee una sikio, wewe," mwenye duka akasema, tayari anatafuta mfuko wa kulifungia.

Nilimpa yule bwana jicho ambalo naamini bado linamuuma. Lakini baba alikuwa ameshalikumbatia, na huwezi kumnyang'anya mtu kitu kama kile mbele za watu. Tukatoka nalo. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake kwa sauti kubwa, kila mpita njia anageuka, kwamba amepata kwa bei ya mboga kitu ambacho Kapteni amekitoa nje ya nchi.

Chumba cha mazoezi kipo nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Kuta zimebandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke, na dirisha ni moja, dogo, limezibwa kwa godoro. Siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya Ijumaa, baba aliingia na gitaa lake juu kama mtu aliyebeba kombe. Walikuwepo Kapteni, mpiga besi, mpiga ngoma na dada mwimbaji. Nilianza kulikaza haraka, nikiomba tu wapige, wamalize, tuondoke.

"Ngoja kwanza," baba akasema. "Tulipigie ukuta."

Kupigia ukuta ni desturi yao. Chombo kipya kikija, wote wanageukia ukuta, mwenye chombo anapiga kile kipya na kingine cha kulinganisha, na wao wanahukumu kwa sikio bila kudanganywa na rangi wala jina. Sheria ni moja: hakuna kugeuka mpaka mpigaji aseme "Geukeni." Waliianzisha baada ya kugombana vibaya juu ya ngoma fulani, na wanaiheshimu kama sala.

Alichosahau baba, kwa furaha yake, ni kwamba migongo haina midomo.

"Baba, hakuna haja," nikamwambia, nimesimama mbele yake kabisa. "Watu wana kazi, pigeni tu mazoezi."

"Unaogopa nini? Nenda ukutani na wewe." Akacheka. "Kapteni, lete hilo la kifahari. Leo mtajua."

Tukageuka. Pua yangu ilikuwa karibu na trei ya mayai, inanuka vumbi. Kushoto kwangu Kapteni, kulia mpiga ngoma.

Akaanza na la Kapteni. Bila mtetemo kwenye taya alikuwa amepotea gizani. Alipiga kwa nguvu mno, akatangulia, akarudi, nyuzi zinanguruma. Sauti ilikuwa nzuri na mikono ilikuwa ya mlevi. Nikasikia mpiga besi anapumua kwa shida. Kisha akabadilisha.

La pili alilipiga kama malaika, na sauti haikutoka. Vidole vilikuwa vyote pale, kila kitu mahali pake, ule mtindo wake wa kuuchelewesha uzi wa juu ambao nimeujaribu mpaka vidole vikavimba nisiupate. Lakini ulikuja kwetu kama kitu kinachopigwa chini ya mablanketi. Ilibidi tushike pumzi ili tusikie.

"Inatosha, kaka," Kapteni akasema.

Baba akaendelea.

"Kaka. Inatosha, tumesikia."

"Leo kanogewa," mpiga besi akasema, akacheka kidogo. Hakuna aliyemuunga mkono. Baba aliingia ubeti mwingine.

Nilifumba macho. Nilitaka kukohoa, kuanguka, kufanya lolote. Kapteni akasema kwa sauti ileile ya kawaida, ameielekea trei yake ya mayai ukutani, "Kaka, karakana inaungua. Kuna moto."

Gitaa likaendelea, taratibu, bila hata uzi mmoja kukosewa.

"Mungu wangu," dada mwimbaji akasema.

Hakuna aliyegeuka. Hata sasa sijui kama ni ile sheria au ni woga.

"Tangu lini?" Kapteni akaniuliza.

"Muda mrefu," nikajibu. "Anasoma midomo. Na mguu kwenye spika."

"Ule mguu!" mpiga ngoma akasema. "Na mimi nilikuwa nauiga."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie ili iweje?" Nilikuwa naipigia kelele trei ya mayai. "Umtoe? Akae nyumbani atazame ukuta? Wewe ungesema?"

"Hotelini hakuna spika ya kukanyaga," Kapteni akasema. Alikuwa analia, nilimsikia. "Na hilo gitaa halifiki hata meza ya kwanza. Nikimpa langu, umesikia mwenyewe. Wale watu watatufukuza Ijumaa hiyohiyo. Wote."

"Jamani, mwenyewe yupo hapahapa," dada mwimbaji akasema. "Tunamjadili mtu yupo hapa."

Kweli alikuwepo. Alikuwa amefika pale wimbo unapopanda, na nilimjua, alikuwa amefumba macho na taya limezama kwenye ubao. Tulikuwa tunamzika naye anatutumbuiza.

"Wewe unapiga," Kapteni akaniambia. "Nimekusikia ukilikaza, nimekusikia ukijaribujaribu. Mikono ni yake. Chukua nafasi, upige langu, riziki ibaki nyumba ileile. Usipochukua, kesho natafuta mtu wa nje, na nyumba yenu haitapata kitu. Niambie sasa, kabla hajamaliza. Akimaliza sitaweza kukuuliza tena."

Nilisikiliza wimbo. Nilijua umebaki mzunguko mmoja, ule wa kufungia. Nilimfikiria mama. Nikamfikiria yeye, na nikamkasirikia kwa ubishi wake, kwa lile kabati lake, kwa kutuweka ukutani kama wezi. Nilitaka tu mtu mwingine ajibu.

"Sawa," nikasema.

"Sawa?"

"Nimesema sawa! Usiniulize tena."

Baba akafunga kwa mapambo yake ya mwisho, akapiga ubao kofi. "Geukeni!"

Tukageuka. Sijui alionaje nyuso zile asielewe. Labda alidhani tumeguswa. Na tulikuwa tumeguswa.

"Haya, semeni ukweli. Lipi ni la bei mbaya?"

Kapteni alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akamwangalia usoni, akafungua mdomo wazi, polepole. "La pili, kaka. La pili ndilo ghali."

"Eeeh!" Baba aliruka kama mtoto. Akamkumbatia mpiga ngoma, akanipiga begani, akaliinua gitaa juu. "Niliwaambia! Mnatupa hela zenu bure! Huyu binti yangu kaniita mwendawazimu dukani!"

Nje, mpiga besi alipokuwa anamshika baba mazungumzo, Kapteni akanivuta pembeni. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi. Nimetoka naye mbali."

"Mwanaume mzima," nikamwambia. "Moto umeweza kuutangaza, hili huwezi." Aliinamisha kichwa.

Tulirudi kwa miguu. Baba alitembea upande wa barabara, gitaa mgongoni, anapanga Ijumaa: shati gani, wimbo gani wa kufungulia, na kwamba mama lazima aje akae karibu na mlango wa jikoni amwone. Nilimwacha aseme yote. Tulipofika mahali pasipo na watu nikampita, nikasimama mbele yake akalazimika kusimama.

"Baba, Ijumaa huendi. Naenda mimi."

Alikuwa bado anatabasamu. Akatazama mdomo wangu.

"Rudia," akasema.

Mikono yake ilikuwa imeshaanza kulishusha gitaa kutoka mgongoni, nikajua amenielewa mara ya kwanza. Nikarudia.