Daftari la Tumbo

Niseme ukweli kabla ya yote. Mwaka ule wa 2003, watu walipokuwa wanamiminika Bunia na magodoro kichwani, mimi nilipenda namna nyumba yangu ilivyojaa. Vita sikuipenda, nani anapenda vita. Lakini mume wangu alikuwa amekufa, binti yangu Sandrine ameolewa Ariwara, na mimi ni mtu wa maneno: nyumba isiyo na mtu wa kumwambia kitu inaniuma kama jino. Basi parsele yangu, kiwanja chenye nyumba pale mtaa wa Saio, ikapokea watu kumi na saba. Chumba cha mbele alikaa Katsuva, mfanyabiashara wa Butembo, aliyefungiwa na vita pamoja na marobota yake ya vitenge. Cha nyuma alikaa Rebecca na watoto wake wanne, waliokimbia kutoka Djugu. Kabila hatukuulizana. Sufuria ilikuwa moja, maharagi ndani, bugali kando, na kila mtu alikula.

Isipokuwa mmoja.

Véronique alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifika siku ya mvua, peke yake, na mfuko mmoja. Mume wake walimtafuta porini, katika majani, siku tatu, hawakumwona. Hapa Bunia hakuwa na ndugu. Kama angetoka kwangu, pa kwenda palikuwa pahali pamoja tu: kule kambini karibu na uwanja wa ndege, chini ya plastiki, na njia ya kufika kule ilikuwa na bariere tatu za vijana wenye bunduki. Mwanamke wa peke yake hakuwa anapita bariere tatu hivi hivi. Tulilijua wote jambo hilo, na yeye alilijua kutuzidi.

Sasa mtu wa namna hiyo, anakataa chakula changu.

Kwetu, anayempa mgeni chakula anaonja kwanza. Ni heshima, na wakati wa vita ikawa zaidi ya heshima, maana watu waliogopa sumu kuliko risasi. Siku ya kwanza nilichota kijiko cha maharagi mbele yake, nikameza, nikafungua kinywa aone.

"Kula sasa, Véro. Hapa kwangu hatupatiake batu sumu."

"Aksanti, Yaya. Niko muzuri." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Uko muzuri na nini? Unakulaka upepo?"

Watu wakacheka. Akachukua vijiko vitatu, akashukuru, kisha akainuka polepole na kitabu mkononi, akaelekea musarani. Akakaa kule mpaka Katsuva akaenda kugonga mlango na fimbo.

"Mwalimu! Unakosoa kazi ya batoto mule ndani? Siye wengine pia tuko na haja!"

Wakacheka tena. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ikawa hivyo kila siku. Vijiko viwili, vijiko vitatu, "nimeshiba, Yaya." Nikaanza kumchunguza, kazi ninayoijua bila kufundishwa. Nikaona kwamba kila asubuhi anageukia ukuta, anatoa kopo la kijani chini ya nguo zake, anatia kijiko cha unga ndani ya kikombe cha maji na kukoroga. Maji yanakuwa mazito, yanavutika kama dongodongo, ile bamia. Anafumba macho, anakunywa. Halafu anatoa daftari la shule na kuandika. Akila, anaandika. Akitoka musarani, anaandika.

Unga wa siri, na daftari. Katika mji ambamo watu walikuwa wanauawa kwa sababu jina lao limeandikwa pahali.

Mtu mwenye akili angemwita kando na kumwuliza. Mimi nilikwenda robine, bomba la mtaa, kwenye mustari wa maji, nikamkuta jirani yangu Angélique, na neno likanitoka kama mate.

"Angélique, mi niko na mutu kule kwangu. Hakulake. Anakorogaka unga moja, sijui ni nini."

"Unga ya nini?"

"Njo minakuambia! Anaiweka mu maji, na ile maji inachemuka bila moto."

Haikuchemka. Hiyo chumvi niliitia mimi, pale pale, kwa sababu Angélique alikuwa amefungua macho makubwa na mustari mzima umenyamaza kunisikiliza. Utamu wa kusikilizwa na watu ishirini, wenye ndoo, unaweza kukupeleka mbali.

Siku ya tatu baada ya maneno yale robine ikakauka, tukaanza kunywa maji ya mto Nyamukau. Siku ya nne mtoto mdogo wa Rebecca, Gracieuse, akaanza kutapika. Kwamba maji ya mto yanaleta ugonjwa, tulijua wote. Hata hivyo Rebecca, akiwa amemshika mtoto begani, alikuwa haangalii ndoo. Alikuwa anaangalia kopo la kijani.

Walikuja saa nne ya asubuhi, vijana sita wa bariere, mbele yao Fiacre. Fiacre nilimjua tangu ananunua mikate yangu ya mafuta sokoni, na mara nyingi nilimwongezea mmoja. Sasa alikuwa na bunduki, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nyuma yao, kwenye ua wa matete, majirani walikuwa wamejaa.

"Mama Sandrine, iko wapi ule mwanamuke?"

"Mwanamuke gani, mutoto yangu? Hapa kuko banamuke saba."

"Ule mwenye kuandika majina ya batu. Mwenye unga. Banasema anaiweka mu maji, na maji inachemuka bila moto."

Neno hilo halikuwa la mtu mwingine. Hakuna jicho lililoona maji yale yakichemka, kwa hiyo hakuna kinywa kilichoweza kulisema ila changu. Lilikuwa limetoka robine, limezunguka mtaa, limepita bariere, na sasa limerudi nyumbani na bunduki sita.

Véronique alikuwa amekwisha toka chumbani. Hakungoja avutwe. Kijana mmoja akaingia, akatoka na kopo na daftari. Fiacre akafungua daftari, akaligeuza juu chini.

"Ni nini hii?"

"Ni ya ugonjwa yangu," Véronique akasema. "Nipe, nitakusomea."

"Weye? Utatudanganya. Nani anajua kusoma hapa?"

Katsuva, aliyesoma mpaka sekondari, akaangalia viatu vyake. Rebecca akaficha uso katika mgongo wa mtoto. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu, kusoma kwangu ni kwa vibao vya maduka na karatasi za kanisa. Nikanyoosha mkono.

"Leta. Ni parsele yangu."

"Soma na nguvu," Fiacre akasema. "Batu bote basikie."

Aliandika Kiswahili, herufi kubwa, safi, kama za ubaoni. Nikaanza, kidole chini ya kila neno.

"*Siku ya kwanza. Maharagi na kitunguu, vijiko vitatu. Tumbo limevimba kama ngoma. Musarani mara saba.*"

Nikashusha kidole mstari wa pili.

"*Siku ya pili. Wali wa Katsuva uliobaki, karoti moja. Tumbo limetulia. Musarani mara mbili. Siku ya tatu. Sombe, majani ya muhogo, na kitunguu saumu. Maumivu upande wa kushoto mpaka jioni. Unga vijiko viwili na maji mengi, umesaidia kidogo.*"

Mtu mmoja kwenye ua akacheka kwa pua. Mwingine akamfuata. Kijana wa mwisho katika wale sita alikuwa anajizuia na mkono.

"*Siku ya nne. Mizinga upande wa Mudzipela tangu alfajiri. Sikula kitu. Musarani mara tisa. Woga ni mbaya kuliko maharagi.*"

Hapo kijana yule akaacha kucheka. "Hata mi," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Bombe ikilia, tumbo yangu inakimbia ya kwanza."

"Nyamaza!" Fiacre akasema. "Endelea, Mama."

Nikageuza ukurasa, na jina la kwanza nililolikuta katika daftari lile, mbali na la Katsuva na wali wake, lilikuwa langu. Kidole changu kikakwama chini yake.

"Endelea!"

"*Siku ya tano. Mama Sandrine anafikiri ninamdharau. Leo nimekula sahani yote mbele yake, kusudi asinifukuze. Amefurahi. Musarani mara kumi na moja. Damu hapana, Mungu ashukuriwe.*"

Niliikumbuka siku ile. Nilimpigia makofi. Nilimwambia, unaona sasa, hii njo kula!

Nilipoinua macho, Véronique alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mwalimu anayekaguliwa darasani, na machozi yanashuka bila uso kusogea. Huyu ni mtu aliyekuwa anakwenda choo na kitabu mkononi ili tufikiri anatafuta pahali pa kusomea. Na mimi nimemsomea tumbo lake mtaa mzima.

"Na ile unga?" Fiacre akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni maganda ya mbegu," Véronique akajibu. "Muganga wa Kampala njo alinipatia, mbele ya vita. Inafunga tumbo kama inakimbia, inafungua kama imefunga. Niko na utumbo ya hasira. Haiambukizake mutu, haiuake."

"Inapona?"

"Haiponake. Unaishi nayo tu, kama jirani mubaya. Unajua nini inamukasirisha, unaiacha."

"Maneno," kijana mwingine akasema. "Anywe mwenyewe tuone."

"Anaikunywaka kila siku," Fiacre akamjibu. "Haitaonyesha kintu." Akanigeukia. "Mama, weye njo unamulaza. Onja."

Hata asingesema ningeonja. Nikachukua kikombe, nikatia unga, nikakoroga mbele yao. Maji hayakuchemka. Watu wote walikuwa wameinama kuyatazama, na yalikaa tu, yakawa mazito. Nikanywa. Ni kama kumeza unga wa mbao uliolala mvuani. Nikafungua kinywa waone.

Kisha wakakaa chini ya ukuta wangu kunisubiri nife. Wakala mikate yote ya siku ile. Jua lilipofika katikati, na mimi nikiwa bado ninafukuza kuku, Fiacre akatupa daftari chini, akasimama. Wakaondoka na robota moja la Katsuva, maana hawakuweza kutoka mikono mitupu. Sikufa. Kesho yake, mnisamehe, nilikwenda choo vizuri kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Siku ile ile ya bunduki, walipokwisha ondoka, nilimwendea Véronique. Alikuwa anakunja nguo.

"Véro. Ile neno ya maji kuchemuka, ilitoka kwangu."

"Ninajua, Yaya."

"Unajua namna gani?"

"Nilikuwa mu mustari. Nyuma ya Angélique, na ndoo yangu."

Nikakaa chini kwenye mkeka. "Juu ya nini haukusema? Ungesema pale pale, ningenyamaza!"

"Ningesema nini? Mbele ya ule mustari muzima? Ya kwamba mi, mwalimu, ninahara mara kumi na moja?" Akafunga mfuko. "Sasa banajua bote."

Nilimwomba abaki. Nilimwambia nitampikia kando, nitatukana atakayecheka. Akasema hana hasira na mimi. Akasema tu kwamba hawezi kuvuka ua ule tena kwenda musarani huku watu kumi na saba wanahesabu. Katsuva akamsindikiza. Aliporudi alitueleza walivyopita: habari ilikuwa imewatangulia, na kwenye kila bariere vijana walipiga kelele, "Mwalimu wa musarani, pita!" Wakacheka, wakainua mti. Hakuna aliyemgusa. Rebecca alilia aliposikia, maana mtoto wake alikuwa ameanza kupona tangu tulipoanza kuchemsha maji.

Daftari lilibaki juu ya mkeka. Sijui kama alilisahau au alilitupa. Nikalisoma siku tatu, ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya maneno. Nikajua kitunguu hapana, saumu hapana, kabichi hapana, maziwa hapana. Viazi ndiyo, boga kidogo, samaki ndiyo akiwa hana mafuta mengi, chai ya tangawisi ndiyo. Na nilijua kambini wanagawa nini, maana mtu yeyote aliyetoka kule alisema: maharagi na unga wa mahindi.

Nikatafuta sufuria ndogo, ile niliyokuwa ninachemshia Sandrine uji alipokuwa mtoto. Nikapika wali laini na karoti, na kipande cha samaki wa Kasenyi, chumvi tu. Nikampa dereva wa kwenda Ariwara neno kwa Sandrine atafute kopo la kijani, popote, kwa Wahindi au ng'ambo Uganda. Nikafunga sufuria na kitambaa, nikapita bariere tatu nikiwasalimu wale vijana kwa majina ya mama zao.

Nilimkuta chini ya plastiki ya bluu, amekonda, kopo pembeni, limebaki kidogo chini. Nikafungua sufuria, nikatoa kijiko, nikachota ili nionje mbele yake.

Akanishika mkono.

"Acha, Yaya. Leta."

Akala polepole. Akala nusu, akapumzika, akala tena mpaka chini. Watu wa hema za jirani walikuwa wanatutazama, na mimi nilikuwa na habari za Saio nzima kinywani: nani ameolewa, nani amekimbilia Niania, Angélique amegombana na nani. Nilizimeza zote. Tukakaa tukingoja tumbo lake liseme. Mbali kidogo, upande wa mji, bunduki ililia mara mbili, akaweka mkono juu ya tumbo, na tukangoja tena.

Baadaye nikatoa daftari chini ya kitenge na kumpa. Akaomba kalamu kwa jirani, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika.

Nikageuza uso, nikaangalia ndege iliyokuwa inashuka, mpaka alipofunga.