Saa Nane Usiku kwa Daktari wa Meno

Simu ya kwanza ililia Jumamosi asubuhi, Bi Saa akiwa bado anapangusa meza ya mapokezi. Aliweka kitambaa kando, akajikohoza kidogo, kisha akaipokea kwa ile sauti yake ya kazini ambayo nyumbani hakuna anayeijua.

"Kliniki ya meno, habari za asubuhi."

"Nzuri, mama, ila nina swali." Alikuwa fundi seremala mmoja mwenye gego bovu. "Nimepata ujumbe wenu kwenye simu. Eti Jumatatu nije saa nane usiku. Sasa hilo jino mnaling'oa au mnaliroga?"

Bi Saa alicheka mpaka akashika mbavu. Alijua seremala ni mtu wa mizaha. Lakini hakuwahi hata kurudisha mkono wa simu mahali pake vizuri, ikalia tena. Safari hii ni mama mwenye mtoto aliyetoboka meno, ameambiwa amlete saa kumi alfajiri. Wa tatu alikuwa na hasira tangu salamu. Bi Saa akaacha kucheka.

Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, na hawakumwonea. Mtu akichelewa kidogo tu, Bi Saa humtazama, halafu huitazama saa ya ukutani, halafu humtazama tena, mpaka mtu mzima na ndevu zake anaomba radhi. Sasa huyu ndiye aliyekuwa anaulizwa kwa nini anawaita watu hospitalini wakati wa wanga.

Mwenye kujua jibu, au aliyepaswa kulijua, alikuwa chumba cha nyuma na kikombe chake cha chai, roho imetulia. Alikuwa mkamwana wa Bi Saa, ameolewa na kitinda mimba wake juzijuzi tu. Alisomea kompyuta chuo cha jioni, na daktari alimpa kazi ya majaribio: atoe miadi yote ya wagonjwa kwenye kompyuta kuukuu, ile inayonguruma ikiwashwa, aihamishie kwenye mfumo mpya ambao hutuma wenyewe ujumbe wa kuwakumbusha watu. Ijumaa jioni alimaliza. Alirudi nyumbani anatembea kama anayepigiwa ngoma, na mezani mama mkwe akamwongezea kipande cha nyama bila kuombwa. Katika nyumba ile hiyo ni nishani.

"Mkwe!" Bi Saa aliita. "Hebu njoo huku."

Daktari naye alishafika, barakoa imeshuka kidevuni. Alikuwa mtu mwema, ila akili yake ilizoea kung'oa kwanza na kuuliza baadaye. Aliinama juu ya kompyuta kuukuu, akasoma mstari wa seremala, akauonyesha kwa kidole.

"Hapa pameandikwa 2:00. Mashine mpya inahesabu siku kuanzia katikati ya usiku. Ikiona mbili, kwake ni saa nane usiku. Bi Saa, hii kaandika nani?"

"Mimi," alisema Bi Saa. "Saa mbili. Seremala anakuja saa mbili asubuhi. Nimekosea wapi?"

Daktari alivuta pumzi. "Mama yangu, umefanya kazi sana. Labda ni wakati wa kupumzika. Ile kampuni ya kupokea simu imenibembeleza muda mrefu. Leo tunafunga saa sita. Kufikia hapo watu wakiwa hawajapata ujumbe wenye saa sahihi, Jumatatu naipa kampuni hiyo kazi ya miadi."

Akarudi kwa mgonjwa wake. Bi Saa alichukua kile kitambaa na kupangusa meza iliyokwisha kung'aa.

Mkamwana alitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyehamisha zile saa. Alizibeba zilivyo, akazimwaga upande wa pili, akaenda nyumbani kula nyama. Na sasa angekuwa mwanamke aliyemfukuzisha kazi mama mkwe wake kabla hata zawadi za harusi hazijaisha kufunguliwa. Hilo husimuliwa kwenye ukoo mpaka kwa vitukuu.

Akapiga moyo konde. "Mama, naomba uje ukae na mimi. Mashine naijua, lakini wagonjwa unawajua wewe."

"Nije kufanya nini? Mimi si nimechoka," alisema Bi Saa. Lakini aliburuta kiti, akaja.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa yeyote anayesoma saa kama watu wa kwao. Mtu akisema saa mbili, jua limeshachomoza na maziwa yamechemka. Bi Saa aliandika alivyosema, na kompyuta kuukuu haikumuuliza. Kilichotakiwa ni kuongeza saa sita: mbili yake iwe nane ya mashine, na mfumo mpya ungeisoma vizuri, saa mbili asubuhi.

"Sita tu?" aliuliza Bi Saa. "Basi ongeza, tunangoja nini?"

Mkamwana alitengeneza kwanza nakala ya jedwali zima la miadi, kwa sababu mwalimu wake wa chuo aliwaonya kwamba mashine haina huruma na mwenye haraka. Kisha akaandika amri, ongeza saa sita, akabonyeza. Ikakubali mara moja. Walianza kusoma pamoja. Seremala, saa mbili asubuhi, safi. Mama wa mtoto, saa nne, safi. Dereva wa lori, saa tisa alasiri.

"Hapana," alisema Bi Saa. "Dereva kapangwa na daktari mwenyewe, kutoka kule chumbani kwake. Nilimsikia kwa masikio yangu. Saa tatu asubuhi."

Mkamwana alitazama amri yake, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Hakuweka WHERE, lile neno linaloiambia mashine ni mistari ipi iguswe. Bila hilo, mashine imegusa yote. Daktari alikuwa akiandika kwa saa yake ya mkononi, tisa yake ni tisa ya mashine, na sasa naye ameongezewa sita asizoziomba.

"Ni nakala tu, mama, usiogope."

"Siogopi. Wewe ndiye unayetoka jasho."

Alifuta ile nakala, akatengeneza nyingine. Safari hii alijiona mjanja. Kliniki haifunguliwi usiku, alijiambia, kwa hiyo zile saa za usiku tu ndizo za mama. Akaandika: ongeza sita pale ambapo saa ni ndogo kuliko nane. Akabonyeza, akaegemea kiti. Usiku ukatoweka wote. Dereva alibaki saa tatu asubuhi.

Bi Saa hakuegemea. Alisogeza miwani, akasoma mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. "Jumatatu saa mbili asubuhi, seremala. Jumatatu saa mbili asubuhi, mwalimu mstaafu. Wote wawili? Kiti ni kimoja. Watapakatana?"

"Labda mwalimu..."

"Mwalimu haji asubuhi hata umfunge kamba. Asubuhi anampeleka mjukuu wake shule. Huyo nilimwandika saa nane mchana."

Ndipo mkamwana alipoliona shimo alilokuwa anatembea juu yake. Bi Saa aliandika 8:00 akiwa na maana ya mchana. Mashine imeisoma saa mbili asubuhi, saa ya heshima kabisa, saa ambayo mtu yeyote angeipitisha. Makosa yale ya usiku yalikuwa yanapiga kelele. Haya ya mchana yalikaa kimya. Nane ya Bi Saa na nane ya daktari zilifanana kwa kila kitu, na hakuna hesabu duniani ya kuzitenganisha. Ilibidi kujua mwandishi.

"Mama, ulikuwa unajuaje za kwako na za daktari?"

"Za daktari zina alama. Pale pembeni inatokea DKT."

Mkamwana alirukia jedwali. Kweli, safu ya mwandishi ilikuwepo, na kwa daktari iliandikwa DKT. Kwa Bi Saa hapakuwa na kitu. Aliingia kwenye kazi ile akiwa peke yake kwenye mashine, na hakuna aliyefikiria kumpa jina la kuingilia. Mashine ilijua tu kwamba mtu fulani ameandika.

Basi akaandika swali: nipe mistari yote ambayo mwandishi = NULL, NULL likiwa jina la mashine kwa pale pasipojulikana kitu. Jibu lilikuja haraka. Hakuna mstari.

"Haiwezekani," alisema. Akageuza: nipe yote ambayo mwandishi si DKT. Hakuna mstari.

Bi Saa alikuwa anafuatilia kwa makini. "Ngoja nielewe. Umeiuliza kama mimi ni yule asiyejulikana, imekataa. Umeiuliza kama mimi si daktari, imekataa pia. Yaani mimi si daktari, na wala si asiye daktari. Sasa mimi ni nani?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe uliishia njiani.

Mkamwana aliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyomkumbusha. Swali hili lilikuwepo kwenye mtihani wa chuo, akalikosa, na mwalimu akarudia maelezo mbele ya darasa zima huku akimtazama yeye. Kisichojulikana huwezi kukilinganisha. Ukiiuliza mashine kama kinalingana na kitu, inasema haijui. Ukiiuliza kama kinatofautiana na kitu, inasema haijui vilevile. Na mstari ambao haijui, haikupi. Usilinganishe. Uliza tu kama hapajulikani.

Akafuta ile alama ya kulingana, akaandika IS NULL, akabonyeza.

Mistari ilimiminika. Ilijaza kioo cha kompyuta, ikaendelea kushuka.

"Hao!" Bi Saa alipiga kiti. "Huyo mwalimu! Huyo seremala! Na huyo mama wa mapacha! Wote wangu hao!"

"Wote wako, mama."

Hakubonyeza kwa pupa. Aliongeza saa sita kwenye nakala, kwa mistari ile tu, na Bi Saa akasoma Jumatatu yote kwa sauti, mtu na saa yake, asubuhi mpaka jioni, bila mtu kumpakata mwenzake. Dereva wa lori hakuguswa. Bi Saa alipotikisa kichwa kwamba sawa, mkamwana akarudia amri hiyohiyo kwenye jedwali la kweli, kisha akatuma ujumbe mpya wenye saa sahihi na maneno ya kuomba radhi. Saa sita ya kufunga ilikuwa bado haijafika.

Seremala alijibu wa kwanza. "Afadhali. Mke wangu alishaanza kunihoji ni daktari gani wa kike ninayemwendea saa nane usiku."

Daktari alitoka akivua glavu, akawakuta wanawake wawili wamelaliana mabegani kwa kicheko. Akasoma orodha ya Jumatatu. Akaisoma tena.

"Sasa kosa lilikuwa la nani?"

"Langu, daktari," alisema mkamwana, na alishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. "Nilihamisha saa bila kuuliza ni saa za nani. Za mama zilikuwa sahihi zote. Na kama si yeye kumjua mwalimu mstaafu, Jumatatu huyo na seremala wangepigania kiti."

Daktari alijikuna kichwa, akamgeukia Bi Saa. "Kumbe miaka yote mimi na wewe tunaandika saa za aina mbili kwenye mashine moja."

"Nilikuwa nazitafsiri kila asubuhi," alisema Bi Saa. "Ulifikiri nani?"

"Nisamehe, mama yangu. Nilisema vibaya." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kampuni nitaiambia haina haja ya kunipigia tena."

Ilibaki kazi moja ndogo. Mfumo mpya haukutaka nafasi ya mwandishi iwe tupu, na mkamwana alisema afadhali waijaze sasa hivi. Akaandika amri, akaacha mahali pa jina.

"Tuweke nini, mama?"

"Weka wanavyoniita."

Akaweka, akasogea pembeni. "Bonyeza wewe."

Bi Saa alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza kama anayejaribu pasi kama ina moto. Kioo kikajaa: BI SAA, BI SAA, BI SAA, kuanzia juu mpaka chini. Akapiga kigelegele ambacho mgonjwa wa mwisho, kwenye kiti cha ndani, alikisikia mdomo ukiwa wazi na hakuweza kuuliza kuna nini.

Mkamwana alitaka kufunga, lakini alishikwa mkono.

"Acha nishuke kwanza. Nataka kuona nilipoanzia."

Alishuka, mwaka baada ya mwaka, akiwataja watu: huyu alihama, huyu alizaa, huyu alizirai kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti. Mkamwana alikaa akimsikiliza, akajikuta anafurahi sana, furaha ya kukaa karibu na mtu. Hatimaye mistari ikakoma. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto, jino la maziwa, saa tatu asubuhi. Mkamwana alisoma jina, akasoma tena. Lilikuwa jina la mume wake.

"Nilimleta yeye," alisema Bi Saa. "Daktari kanunua kompyuta, hana mtu wa kuandika. Akaniambia, mama, andika tu mwenyewe, nikamwandika mwanangu. Halafu hakuniacha nitoke tena. Na huyu mumeo alilia, wallahi, mpaka watu wakaingia kutoka barabarani kutuamulia!"

Mkamwana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Bi Saa naye alikuwa anayafuta ya kwake kwa kile kitambaa cha meza, na kwa mkono wa pili anamsogezea simu.

"Mpigie," alisema. "Mwambie: mkeo na mama yako wamekukuta kwenye mashine, unalia."